Mambo ya kuzingatia kabla ya kufuga matumbawe kwa vifaa vya kujitengenezea

Mtu akijitengenezea kifaa, swali linalomjia kwanza ni kama kitafanya kazi. Kwa tangi la matumbawe lipo swali linalotangulia hilo: kikiharibika, kitaharibika namna gani? Tumbawe linaweza kuvumilia taa hafifu kidogo au pampu isiyo na nguvu sana. Linachoshindwa kustahimili ni maji kupanda joto usiku kucha au chumvi kushuka ghafla, na mambo hayo mara nyingi huletwa na kifaa kilichokwama au umeme uliokatika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi hufanyika kabla chumvi haijaingia kwenye maji.

Anza kwa kugawa vifaa mafungu mawili. Stendi, tangi la chini la kuchujia, mabomba, fremu ya taa na mashine ya kutoa uchafu kwa povu unaweza kuvitengeneza mwenyewe, tena vikawa bora kuliko vya dukani kwa sababu vimepimwa kwa nafasi uliyonayo. Hita, kifaa cha kukata umeme unapovuja, vipimo vya maji na mtambo wa kusafisha maji, nunua. Hapo sina mjadala. Hita ya kubuni ndani ya maji ya chumvi ni hatari kwako kabla haijawa hatari kwa matumbawe.

Upande wa malighafi, adui mkubwa ni shaba. Kiasi kidogo mno cha shaba huua konokono, kamba na matumbawe, kwa hiyo valvu ya shaba nyeupe, skrubu ya mabati au waya ulio wazi usiguse maji popote. Tumia mabomba ya PVC ya maji ya kunywa, akriliki, kioo, na plastiki inayoruhusiwa kuhifadhi chakula. Silikoni iwe halisi, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Soma maandishi ya tyubu, kwa maana silikoni nyingi za bafuni zina dawa hiyo. Ile inayonuka siki ikipakwa, iache mpaka harufu iishe kabisa ndipo uitie maji.

Uzito nao upige hesabu mapema. Tangi la sentimita 90 kwa 45 lenye kina cha 50 hubeba lita 202, yaani zaidi ya kilo 205 za maji ya bahari, na hapo bado kioo na mawe. Ukikata kioo mwenyewe, kumbuka kwamba shinikizo kwenye ukuta wa tangi huongezeka kwa kina cha maji. Tangi refu la kina kifupi ni rahisi kulijenga salama kuliko fupi lenye kina kirefu, na matumbawe yatapata mwanga vizuri zaidi.

Sasa jambo ninaloomba ulipe muda kuliko yote: umeme unapokatika. Pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini ikisimama, maji yaliyo juu yanarudi chini kwa bomba lilelile lililoyapandisha, na hayaachi mpaka mdomo wa bomba ufikiwe na hewa. Katika tangi la vipimo hivyo, kila sentimita 2 za maji zinazoshuka ni lita 8. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, tegemea lita 20. Wengi hutoboa tundu dogo kwenye bomba karibu na uso wa maji ili livute hewa mapema, wengine hufunga valvu ya kuzuia maji kurudi. Vyote vinasaidia, lakini tundu huzibwa na mwani na valvu hukwamishwa na uchafu. Kinga ya kweli ni nafasi tupu ndani ya tangi la chini. Jaza mfumo maji matamu, washa, kisha zima pampu na utazame maji yakipanda kule chini mpaka yatulie. Yakimwagika, punguza. Yakiwa yamebakiza nafasi ya kutosha, washa tena, subiri yatulie, na chora mstari wa wino usiofutika pale yalipo. Hapo ndipo mwisho wa kujaza. Rudia zoezi hilo tundu likiwa limezibwa kwa kidole, kwa sababu siku moja konokono atalala hapo.

Konokono huyohuyo ndiye tatizo la boya la kujazia maji. Yanayokauka tangini ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia maji matamu na boya hukufanyia kazi hiyo kila siku. Akilikalia, boya halipandi na maji hayakomi kuingia. Liwekee kikinga cha plastiki chenye matundu, kisha lione pipa la akiba, lile linalolisha boya maji matamu, kwa jicho la kifaa kilichoharibika. Mfumo wa lita 200 wenye chumvi ya 35 kwa elfu (gramu 35 katika kila kilo ya maji) ukimwagiwa pipa zima la lita 10 unashuka hadi takriban 33, jambo linalorekebishika. Ukimwagiwa lita 50 unashuka hadi 28. Pipa dogo linakulazimisha kulijaza mara kwa mara, na mimi naliona usumbufu huo ni bei ndogo. Kama pipani umetia maji ya chokaa ili kuongeza kalsiamu, sababu ni kubwa zaidi: pH yake ni kama 12.4, na yakiingia mengi kwa mkupuo yanaua tangi zima.

Maji yenyewe yatoke kwenye mtambo wa RO, yaani unaochuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando, wenye hatua ya mwisho ya resini, na kipima TDS, kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0. Changanya chumvi kwenye chombo cha pembeni, kamwe si kwenye tangi lenye viumbe. Lenga chumvi ya 35 kwa elfu, joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na alkali ya dKH (kipimo cha ukali wa alkali) 8 au 9 isiyoyumba. Refraktomita, chombo kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, ipimwe usahihi wake, na mchanganyiko wa kuipimia unaweza kuutengeneza nyumbani: gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani ndani ya gramu 963.5 za maji ya RO. Chombo kilichosahihishwa vizuri kitasoma 35. Mchanganyiko huo haufai kusahihishia vifaa vinavyopima kwa njia ya umeme.

Hita ziwe mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikikwama ikiwaka, haina nguvu ya kuyachemsha maji. Ikifa, ya pili inabeba. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linaloteleza kwenye waya lidondoke sakafuni. Taa za LED za kujiundia zipate bamba la alumini la kupoza na kifuniko dhidi ya matone, zianze kwa mwanga mdogo, zipandishwe kwa wiki kadhaa.

Mashine ya povu usiifanye sharti la kuanza. Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika mwaka 1961 kuhusu matangi yake yaliyotegemea mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe wadogo ndani yake, na mapovu ya hewa tu. Bakteria waliomo maweni ndio wanaogeuza amonia kuwa naitraiti kisha naitreti, na kuwasubiri huchukua wiki 4 hadi 6 au zaidi. Amonia na naitraiti zisome 0 kabla hujaleta hata konokono.

Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo jua sheria ya kwenu na uchague vipande vilivyokuzwa na wafugaji. Anza na matumbawe laini. Jihadhari na jamii ya Palythoa, viumbe laini wanaofanana na vifungo na huota juu ya mawe: baadhi yake zina palitoksini, sumu kali sana. Vaa glavu na miwani ukizikata, na usichemshe wala kusugua kwa maji moto jiwe lenye viumbe hao, kwani mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali.

Kabla ya tumbawe la kwanza, weka karibu pampu ya hewa ya betri, ndoo ya maji ya chumvi yaliyo tayari, na karatasi iliyobandikwa kwenye stendi inayomwonyesha yeyote aliyebaki nyumbani swichi ya kuzima na mstari wa maji ulipo.