Somo: Kupanga kiangazi cha tanga kwa mashua ya trela

Wengi huanza na ramani. Anza na mteremko utakaoshushia mashua. Mashua ya meta 6 hubisha (huenda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku) polepole na kuchosha watu, lakini ikiwa juu ya trela huupita upepo wowote. Basi usipange safari moja ndefu. Chagua vituo vitatu au vinne, kila kimoja uzunguke siku chache, kisha uhamie kingine kwa barabara.

Hatua ya 1: Kalenda ya mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu; maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, karibu na nusu mwezi. Mteremko uliokufaa wakati wa maji mafu unaweza kuishia kwenye tope bamvua likipwa. Kumbuka pia maji hayapandi sawasawa. Yakipanda meta 3 kwa saa 6, saa ya kwanza huongeza kama sentimita 25 tu, ila saa ya tatu na ya nne huongeza 75 kila moja. Hapo ndipo mkondo unapokuwa mkali, na hapo ndipo wageni hukwamia.

Hatua ya 2: Umbali. Hesabu maili 4 za baharini kwa saa, hata kama muuzaji alikuahidi 6. Maili 10 ni saa mbili na nusu. Ukilazimika kubisha, maili hizo zinakuwa 14 au zaidi. Panga kwenda joshi, upande unakotoka upepo, asubuhi watu wakiwa na nguvu, urudi upepo ukiwa nyuma.

Hatua ya 3: Trela. Hapa ndipo safari nyingi hufia, kabla hata ya kuonja chumvi. Paka beringi grisi mpya, kagua tairi la akiba, na ukifika ziache gurudumu zipoe kwanza: kitovu chenye moto kikizamishwa ghafla hufyonza maji ndani. Kabla ya kusimamisha mlingoti, tazama juu. Alumini na waya wa umeme havipatani.

Hatua ya 4: Mzigo. Maji ya kunywa na maboya ya kuokolea kwanza. Vingine vigombanie nafasi.

Hatua ya 5: Siku za akiba. Kwa kila siku tatu za tanga weka moja tupu. Mwenye miadi ya kesho ndiye anayetoka na upepo mbaya.

Maswali ya wanachama

Nahodha, amari (kamba ya nanga) niliyonayo ni meta 30. Inatosha?
Inategemea maji yatakapojaa. Ukitia nanga kwenye meta 2 na maji yakapanda 3, utakuwa na 5, pamoja na meta 1 ya kimo cha omo (sehemu ya mbele ya mashua) juu ya maji: 6. Kamba nataka mara 7, yaani meta 42. Ongeza, au tafuta pa kina kidogo zaidi.

Mkuku (uti wa chini ya mashua) wangu hupandishwa. Naweza kulala pwani kavu?
Unaweza, ndiyo raha ya mashua hizi. Kagua mchanga kwa miguu maji yakiwa chini, uondoe mawe. Usifanye hivyo kilele cha bamvua, maana kesho yake maji huenda yasikufikie.

Nipunguze tanga lini?
Wazo likikujia. Mimi hupunguza kabla ya kung'oa nanga. Kulikunjua baadaye ni kazi ya dakika mbili.