Mkopo wa Nyumba Nchini Uganda: Tazama Hati, Kisha Hesabu Miaka

Wengi tunaponuia kununua nyumba huingia benki tukiuliza riba, ilhali swali la kwanza linahusu hati. Benki hukopesha kwa kushika ardhi rehani, na Katiba ya mwaka 1995 inatambua umiliki wa namna nne: wa kimila, wa kudumu, wa mailo (umiliki wa kudumu wenye asili ya Buganda, ambapo watu wengine huweza kuwa wakaazi juu ya ardhi ya mwenye hati) na wa kukodi kwa muda. Ukinunua kibanja, yaani haki ya kukalia kipande juu ya ardhi ya mailo, hata kama muuzaji ameishi hapo miaka mingi na kulipa busuulu (kodi ya ardhi ya kila mwaka kwa mwenye ardhi) bila kukosa, hati imeandikwa jina la mwenye ardhi, kwa hiyo usitarajie mkopo wa rehani juu yake. Asiye raia wa Uganda, akiwemo jirani yetu Mtanzania au Mkongo, anaruhusiwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Naye ahakikishe kwamba miaka iliyosalia inapita muda wa mkopo wake. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, omba ofisi ya ardhi ya eneo husika ikuthibitishie jina la mmiliki, na kama kuna zuio au rehani nyingine.

Hati ikiwa safi, linganisha mikopo. Upo wa kununua nyumba iliyokamilika, na upo wa kujenga, ambao fedha zake hutolewa hatua kwa hatua kadiri ujenzi unavyosonga. Riba ikiwa ya kubadilika, uliza inapanda kwa kufuata kigezo gani. Anayelipwa mshahara kwa shilingi asikope kwa dola, maana shilingi ikishuka deni lake linakua bila yeye kukopa zaidi. Anayeepuka riba kwa sababu ya dini aulize kuhusu murabaha, ambapo benki hununua mali na kumuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi. Sheria ya mwaka 2016 ilifungua mlango huo.

Sasa chukua kalamu, kwa kuwa hapa ndipo watu huumia. Tuseme umekopa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya deni linalobaki. Kwa miaka 15 utalipa takriban 1,610,000 kila mwezi. Kwa miaka 20, takriban 1,543,000. Nafuu ya shilingi 67,000 kwa mwezi inavutia, lakini jumla ya malipo inatoka milioni 290 hivi na kufika milioni 370. Katika mwezi wa kwanza wa mkopo wa miaka 15, milioni moja na nusu ni riba tupu, na deni lenyewe hupungua kwa 110,000 tu. Kwa hiyo uliza kama unaruhusiwa kulipa mapema bila faini, tena jibu liwe kwa maandishi.

Tenga pia fedha za kianzio, wakili, mthamini na ushuru wa stempu.

Ikiwa nyumba ni makao ya ndoa, Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inataka ridhaa ya mwenzi wako. Sheria hiyohiyo inampa aliyeshindwa kulipa siku 45 za kazi za kurekebisha, kisha notisi ya siku 21 za kazi kabla ya mnada. Mshahara ukiyumba, nenda benki ukaombe kupangiwa upya malipo kabla notisi ya kwanza haijaandikwa.