Kukusanya meno ya papa wakubwa wa kale Lindi na Mtwara bila kuyaharibu

Jino zima la papa wa kale lina sehemu tano za kukaguliwa: ncha, kingo zenye msumeno, gamba linalong'aa la taji, shingo, na mzizi wenye pembe mbili. Mara nyingi zote tano ziko salama ardhini, kisha moja au mbili zinapotea siku ile ile jino linapotolewa. Ncha inapigwa na patasi, pembe ya mzizi inabaki kwenye udongo, msumeno unasagika kwa meno kugongana ndani ya mfuko mmoja. Kwa hiyo maelezo haya yanakaa zaidi kwenye saa chache za kutoa jino na wiki chache za kulikausha.

Kabla ya chombo chochote, kibali. Visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na meno ya papa yamo. Kuchimba, kukusanya na kupeleka nje ya nchi kunahitaji leseni ya serikali kupitia Idara ya Malikale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kama wewe ni mvuvi au mchimba kokoto na umeliona jino, usilitoe. Lipige picha ukiweka sarafu pembeni, hifadhi alama ya mahali kwenye simu, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji au kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Yanayofuata ni kwa aliyeko kwenye kikosi chenye leseni.

Umri wa tabaka ndio unaoamua jino gani litatoka. Megalodoni (Otodus megalodon), papa mkubwa wa kale, aliishi tangu miaka milioni 20 na ushei iliyopita hadi takriban milioni 3.6, yaani Miosini na Pliosini. Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913 huku Boheti bin Amrani akiwasimamia wachimbaji, ni ya miaka kama milioni 150 iliyopita. Kumtafuta Megalodoni pale ni kupoteza nauli. Udongo wa mfinyanzi wa Kundi la Kilwa, lenye tabaka zilizopewa majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande, ulitulia chini ya bahari tangu mwisho wa Kretasia, enzi za dinosaria wa mwisho, hadi Oligosini, kipindi kilichotangulia Miosini. Huo nao umemtangulia Megalodoni. Jino kubwa la kutarajia humo ni la wahenga wake, lenye vijino viwili vidogo kandokando ya taji. Mchanga mwekundu na changarawe za Mikindani sehemu kubwa vililetwa na mito, si bahari. Basi anzia kwenye ramani za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), tafuta tabaka za bahari za umri unaoutaka, ndipo uende ukaangalie magenge, makorongo na machimbo ya kokoto yaliyozikata.

Huku kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Ndiyo inayoosha miteremko na kufichua meno mapya, na ndiyo inayoangusha magenge, kwa hiyo ngoja udongo ukauke kidogo. Ufukweni fuata bamvua: siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu maji hukupwa sana, na kwa pwani yetu kupwa hiyo huangukia majira ya saa nne hadi saa tano asubuhi. Shuka maji yakiwa bado yanatoka, uondoke yanapogeuka. Usikae chini ya genge linaloning'inia hata kwa dakika moja. Tembea jua likiwa upande, mapema asubuhi au jioni, maana taji la jino hung'aa tofauti na jiwe lolote la jirani. Jicho linafuata mng'ao kwanza, umbo baadaye.

Vifaa si vingi: nyundo ya nusu kilo, patasi nyembamba, vijiti vya mshikaki, brashi ya rangi ya inchi moja, karatasi za chooni, foili, mifuko ya zipu, daftari na kalamu ya risasi, rula, na machekeche mawili, moja la matundu ya milimita 5 na jingine la waya wa mbu. La waya wa mbu usilidharau. Meno madogo ya samaki na papa wengine yanayobaki humo ndiyo yanayomsaidia mtaalamu kujua bahari ile ilikuwa ya namna gani.

Ukiona ncha imechomoza, mkono wako wa kwanza utataka kuivuta. Usivute. Mzizi una matundu mengi na umeshikwa na udongo kuliko taji, hivyo jino hukatika shingoni. Kwanza piga picha mbili, moja ya karibu yenye rula na moja ya mbali inayoonyesha tabaka. Andika kipimo cha GPS, kina kutoka juu ya tabaka, na ncha inaelekea wapi. Halafu chora duara sentimita 10 nje ya jino, chimba mfereji kulizunguka mpaka upite kina chake, ukiliacha juu ya kinguzo cha udongo. Ukikaribia jino acha kutumia chuma, endelea kwa vijiti vya mshikaki na brashi. Kinguzo kikatwe mwisho kabisa, kwa chini, na jino litoke pamoja na donge lake.

Jino lenye nyufa livishwe plasta. Lifunike kwa karatasi za chooni zilizoloweshwa, matabaka manne au matano, ili plasta isigande kwenye gamba. Kata gunia vipande vya upana wa sentimita 8. Mwaga unga wa plasta ya Paris kwenye maji, usimwage maji kwenye unga, hadi vichuguu vya unga vianze kubaki juu bila kuzama. Koroga, chovya vipande, zungushia safu mbili au tatu. Ngoja ikauke hadi ikigongwa itoe mlio, ndipo ukate chini na kugeuza. Jino lililo ndani ya jiwe gumu la chokaa halitolewi porini. Kata kipande chote cha jiwe, likatolewe mezani.

Kila jino liwe na mfuko wake na karatasi yake ndani: namba, mahali, tabaka, tarehe, jina la aliyeliona. Jino la sentimita 15 lisilo na maandishi hayo lina faida ndogo kwa sayansi kuliko kipande cha sentimita 4 kinachojulikana kilikotoka.

Lililotoka ufukweni lina chumvi. Likikauka nayo, chumvi inakuwa fuwele ndani ya mzizi na chini ya gamba, inapanuka, na baada ya miezi gamba linabanduka kama magamba ya samaki. Loweka kwenye beseni la maji baridi, badilisha kila siku kwa wiki mbili, na kwa jino kubwa wiki nne au zaidi. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi au chumvi, kwa hiyo maji ya mwisho yawe ya mvua. Kipima chumvi cha mkononi kinamaliza ubishi: kikisoma sawa na kilivyosoma kabla ya jino kukaa saa 24 majini, chumvi imeisha.

Lililotoka kwenye udongo wa mfinyanzi halilowekwi hivyo. Udongo ulio ndani ya nyufa ukinywa maji unavimba na kupasua jino. Safisha kwa kijiti na brashi yenye unyevu tu. Siki, maji ya limao na dawa ya kung'arishia nguo zikae mbali: asidi ya siki na limao hula mzizi na kufifisha mng'ao, na uharibifu huo haurekebishiki.

Kukausha ni kivulini, ndani ya mfuko uliotobolewa kwa sindano, wiki moja hadi mbili. Jua la adhuhuri hukausha nje haraka kuliko ndani, na mzizi unapasuka. Likishakauka na bado linamong'onyoka, lipakwe Paraloid B-72, plastiki ya akriliki inayotumiwa kuimarisha na kuunganisha vitu vya makumbusho, gramu 5 kwa mililita 100 za asetoni, mara mbili tatu kwa brashi, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Kwa kuunganisha vipande tumia gramu 50 kwa mililita 100. Supaglu usitumie, kwa sababu kuiondoa baadaye bila kuumiza jino ni kazi ngumu mno, wakati Paraloid huyeyuka tena kwa asetoni.

Sasa ubora. Pima kutoka ncha hadi pembe ya mzizi iliyo mbali zaidi. Meno makubwa kabisa ya Megalodoni hufika kama sentimita 18. Upande uliotazama ndani ya mdomo umetuna, na shingo yake ni utepe mweusi au wa kijivu wenye umbo la V kati ya taji na mzizi. Papa mweupe wa leo hana utepe huo, na msumeno wake ni mkubwa zaidi kwa kulinganisha na jino. Mvunjiko tazama rangi: wa kale una rangi ya jino lenyewe na kingo zilizolainika, wa juzi ni mweupe na mkali. Ncha iliyolika kabla ya kuzikwa si kasoro ya kuficha, ni alama ya papa alivyokula.

Kwa meno yanayoletwa shuleni au makumbusho kutoka nje, hasa ya mito na bahari ya North Carolina na South Carolina huko Marekani, angalia kama yamejazwa. Tochi ya kukagulia noti inatosha: gundi na kijazio mara nyingi hung'aa tofauti na jino.

Namba iandikwe kwenye mzizi, juu ya tone la Paraloid lililokauka, kwa wino mweusi, kisha tone jingine juu yake. Kwenye taji usiandike chochote. Meno madogo hukaa vizuri kwenye trei ya mayai iliyotandikwa karatasi, makubwa kwenye boksi lenye sponji iliyokatwa kufuata umbo, ncha ikiwa haigusi kitu.