Kuchapa majani kwenye kitambaa bila rangi ya dukani

Anza na kitambaa, kiwe pamba tupu, marekani (kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa) ndo inafaa zaidi. Kama una wasiwasi chomoa uzi uuchome, ukinuka karatasi na kubaki majivu ni pamba, ukijikunja ukawa kigololi kigumu basi hiyo polista, achana nayo.

Kichemshe na magadi lisaa lizima, maji yatageuka ya njano, hiyo ni nta na uchafu, usiruke hii hatua maana nta ikibaki rangi haiingii. Suuza, alafu loweka usiku kucha kwenye maji ya majani ya mpera uliyoyachemsha, kesho yake ndo unahamishia kwenye shabu, ile ile watu wanayopaka kwapani, kijiko cha chakula kwa gramu 100 za kitambaa kikavu, iyeyushe kwa maji ya moto. Mpera unatangulia kwasababu pamba peke yake haishiki shabu vizuri.

Misumari yenye kutu nayo uwe umeshailaza kwenye siki wiki moja au mbili kabla. Kijiko kimoja cha siki hiyo kwa lita ya maji, chovya majani humo, chuma kikikutana na tanini ya jani (ile inayoleta ukakasi) inatoka kijivu mpaka nyeusi na mishipa yote inaonekana, raha yenyewe iko hapo. Ila usizidishe, chuma kikiwa kingi kitambaa kinaoza baadae.

Majani okota chini, ya mkungu (mti wa kungu) yale mekundu yaliyodondoka, mpera, mkaratusi. Jani changa la msaji (mtiki) hata usilichemshe, liweke ndani ya kitambaa uligonge na nyundo, linatoa wekundu wa zambarau hivi. Magome ya mkoko mimi hapana, najua yana tanini kibao lakini ukiubandua mti unakufa na samaki wadogo wanakosa pa kukulia.

Panga majani, mishipa iangalie kitambaa, viringisha kwenye fimbo, kaza kamba mpaka mkono uanze kuuma, weka kwenye mvuke masaa mawili (sufuria hiyo usipikie tena chakula), fungua kesho yake kikiwa kimepoa kabisa. Anika kivulini.

Na usihangaike kutafuta jani zima, lililoliwa na viwavi ndo zuri, yale matundu yanabaki meupe, unayazungushia darizi kwa uzi wa rangi kali, mishipa darizi michache tu mingine iache.