Kutundika mzinga nyegere asiufikie

Ukikuta mfuniko umetupwa pembeni, viunzi (vijiti ambavyo nyuki hujengea masega) vimetapakaa na masega ya majana, yaani watoto wa nyuki, yameliwa, huku asali imeachwa chini, usimsingizie jirani. Huyo ni nyegere. Majana anayapenda kuliko asali, na akishayamaliza, kundi la nyuki mara nyingi huhama.

Nguvu zake ni kucha na mabega, lakini lazima apate pa kukanyaga. Mzinga uliowekwa chini au kwenye panda ya mti umemwandalia meza.

1. Chagua tawi nene lililolala, la myombo au mninga. Mzinga ukae mita moja au zaidi kutoka kwenye shina, na tako lake liwe mita 1.5 juu ya ardhi. Wengi hupima mzinga ukiwa mtupu. Asali ikijaa tawi linapinda, na nyegere anasimama kwa miguu ya nyuma akaufikia. Ongeza shubiri mbili tangu mwanzo.

2. Tundika kwa waya wa mabati ulio mgumu, mmoja kila ncha ya mzinga. Kamba usitumie kabisa, ataikata kwa meno. Waya unapopita juu ya tawi weka kipande cha tairi kuukuu, la sivyo waya utakula gome hadi tawi likauke. Kaza kwa plaizi mpaka mzinga ulale sawa. Ukiegemea upande, nyuki watajenga masega yaliyounganisha viunzi, na siku ya kurina utalia. Kisha usukume kwa mkono: uyumbe bila kugusa shina.

3. Funga mfuniko kwa waya unaozunguka mzinga mzima.

4. Zungushia shina bati laini lenye upana wa sentimita 60 hivi, juu ya kimo cha kiuno. Lifunge kwa waya, usipigilie misumari, na ulilegeze kila mwaka mti unaponenepa.

5. Paka grisi kwenye waya, karibu na tawi, kuzuia siafu. Isidondokee mzinga.

Sumu usiweke. Kuua wanyamapori bila kibali ni kosa kisheria, na mzoga wenye sumu utaliwa na mbwa wako.

Kama manzuki yako, yaani eneo unalofugia nyuki, haina miti mikubwa, simika nguzo mbili, kila moja na bati lake, utundike mzinga katikati. Fyeka vichaka vilivyo karibu na ukate matawi ya jirani yanayogusana na tawi lako, maana nyegere huanza kwa kutafuta njia ya kuzunguka.