Jinsi ya kuanza kukusanya midoli ya plastiki ya zamani na zawadi za boksi la konfleksi bila kupigwa

Rafu yangu ina wanajeshi wa kijani, ng'ombe wenye mguu mmoja uliotafunwa, viumbe wa anga wenye macho matatu na vidude vingine ambavyo hata mi sijui ni nini, na kila anayeingia ndani lazima ashike kimoja aseme "we, mbona hiki nilikuwa nacho!" afu swali linalofuata ni lile lile, na yeye aanzeje. Mi huwa nawaambia usianze na hela, anza na vidole. Ukishajua kuisoma plastiki yenyewe, itakwambia ni ya aina gani, ni kopi au orijino, na itakaa miaka mingapi kabla haijavunjika mkononi mwako. Mengine yote utajifunza njiani.

Kwanza kabisa punguza. Wote tunaanza kwa kununua kila kitu kinachotukumbusha utoto, miezi sita baadaye una makatoni matatu ya takataka na hamna hata seti moja iliyokamilika. Chagua kamba moja uifuate. Inaweza kuwa kampuni moja, mfano Marx ya Marekani iliyofilisika 1980 au Airfix ya Uingereza na wanajeshi wake wadogo wa kipimo cha 1/72, yaani mara 72 wadogo kuliko mtu halisi, inaweza kuwa saizi moja (wengi wanapenda wenye urefu wa milimita 54), au zawadi za siriali (konfleksi na nafaka nyingine za kifungua kinywa) peke yake. Hizi za siriali ndo ugonjwa wangu, hasa zile za Rosenhain & Lipmann wa Melbourne, Australia, waliotengenezea kampuni ya siriali ya Kellogg's vidude vya ajabu kama Crater Critters. Mkusanyaji akisema R&L ujue ni hao.

Historia usiisome yote, we jua vituo vichache tu vya kukusaidia unaponunua. Kellogg's walianza na kitabu cha picha za wanyama mwaka 1909, ukinunua maboksi mawili ya konfleksi unapewa. Cracker Jack, wale wa bisi tamu za Marekani, wakaanza kuweka zawadi ndani ya pakiti mwaka 1912. Wanajeshi wa plastiki Marekani wanahesabiwa kuanzia 1938, kampuni ikiitwa Beton, kabla ya hapo ilikuwa madini ya risasi na bati, kwa hiyo mtu akikuletea "mwanajeshi wa plastiki wa vita ya kwanza ya dunia" akimaanisha ametengenezwa enzi hizo, mwitikie tu vizuri uondoke.

Na hapa kuna kitu watu wanachanganya, uzee sio uhaba. Mwaka 1955 Quaker Oats waliweka kwenye siriali zao hati ya kumiliki inchi moja ya mraba ya ardhi huko Yukon, Kanada, na walitoa hati milioni 21! Ardhi yenyewe serikali iliichukua 1965 kwa sababu ya kodi ya dola 37.20 ambayo haikulipwa, hati zikabaki makaratasi, lakini milioni 21 ni milioni 21, bado zimejaa. Kitu cha miaka ya 70 kilichotoka mara moja kikaisha kinaweza kuwa kigumu kupatikana mara mia kuliko hiyo hati.

Sasa tuje kwenye plastiki, hapa ndo nataka ukae kidogo. Midoli ya zamani mingi ni ya plastiki tatu. Kuna polithini, laini kidogo, ukiigusa ni kama ina nta, bunduki ya mwanajeshi inapinda na kurudi. Kuna polistairini, ngumu, inang'aa, ukiigonga mezani inalia tik tik na ikikatika inakatika kavu. Halafu kuna PVC laini, ile ya mpira mpira, dinosaria wengi na vikatuni vingi ni hiyo, na ina harufu yake.

Kama vidole vyako bado havijazoea, chukua bakuli la maji. Weka tone la sabuni ya vyombo ili mapovu ya hewa yasishike, mzamishe mdoli, msugue kidogo kwa kidole, muachie. Polithini itaelea, haina ujanja, ni nyepesi kuliko maji. Polistairini itazama taratibu, PVC itazama kama jiwe. Ukitaka kutenganisha hizo mbili zilizozama, koroga chumvi kwenye maji mpaka chumvi igome kuyeyuka, hapo polistairini inapanda juu na PVC inabaki chini. Angalizo: mdoli aliye wazi ndani anabeba hewa, huyo atakudanganya, na usimzamishe aliyepakwa rangi kwa mkono au mwenye stika. Mara ya kwanza nilifanya hivi na mzigo mzima wa vidude arobaini na kitu, mezani nikabaki na mafungu matatu, nikashangaa kumbe wale "mapacha" wawili niliokuwa nawaona sawa kabisa mmoja anaelea na mwingine yuko chini. Mmoja alikuwa kopi.

Na hapo ndo tunafika kwenye kopi. Kuna aina mbili na ni vizuri usizichanganye. Ya kwanza ni ile iliyotolewa tena kutoka kwenye kalibu ya zamani, yaani lile umbo la chuma la kumiminia plastiki, kampuni imekufa, kalibu zikauzwa, mtu mwingine akaziwasha tena miaka mingi baadaye. Za Marx zimefanyiwa hivyo sana. Sio feki, ni mtoto wa mama yule yule, ila bei isiwe ya orijino. Dalili zake ni rangi ambayo haikuwepo zamani, plastiki mpya isiyo na ule ubutu wa kushikwashikwa, na mishono (ile mistari ya maungio ya kalibu) iliyonenepa kwa sababu kalibu imechoka. Ya pili ni kopi kabisa, mtu amechukua mdoli orijino akatengeneza kalibu mpya kutoka kwake. Hiyo karibu kila mara inatoka ndogo kidogo, maana plastiki inasinyaa ikipoa, na sura inapotea, vidole vya mkono vinakuwa kama kijiko. Nunua vernia ya bei rahisi, kile kipimo chenye taya, pima kutoka chini ya kitako anachosimamia mpaka juu ya kofia, linganisha na unayemjua ni halali.

Mi nilipigwa hapo hapo. Kuna muuzaji alinitumia picha nzuri za mbele, mwanga safi, nikalipa fasta nisije nikawahiwa, mzigo ulipofika nikawageuza chini, vitako vyote vimesuguliwa laini kwa msasa. Alama ya kampuni ilikuwa imefutwa, au haikuwahi kuwepo. Tangu siku hiyo sinunui bila picha ya chini, picha ya mgongo na picha moja yenye rula pembeni, na mtu akikataa kupiga hizo picha tatu ashajibu swali langu.

Zile zenye hadithi kubwa ndo za kuogopa zaidi. Filimbi ya siriali ya Cap'n Crunch ni maarufu kwa sababu mlio wake wa hezi 2600 ulikuwa ndo mlio uliokuwa unafungua mitambo ya simu za mbali Marekani, na wajanja wakaitumia kupiga simu bure. Sasa kila filimbi ya plastiki inauzwa kwa jina hilo, we omba picha ya karibu ulinganishe na zinazojulikana. Pete ya bomu la atomiki ya siriali ya Kix ya 1947 nayo ni hivyo, ndani ilikuwa na chembe ya poloniamu, ukitoa kile kitako chekundu ukakaa gizani unaona vimulimuli. Ila poloniamu hiyo inapungua nusu kila siku 138, piga hesabu mwenyewe, leo hamna kitu. Muuzaji akiapa kwamba yake bado inawaka, labda ameweka betri. Na nyambizi ya Kellogg's ya 1954, ile inayozama na kuibuka kwa kutumia baking pauda, imetolewa tena mara nyingi, kwa hiyo usilipe bei ya 1954 kwa sababu tu inazama vizuri.

Mahali pa kununua, mi naamini mizigo ya mchanganyiko kuliko mdoli mmoja mmoja. Mfuko wa "toys za zamani" ambao muuzaji hajui kilichomo ndo wenye maajabu, kuza picha mpaka ivunjike, angalia pembeni sio katikati. Tafuta pia kwa majina yaliyokosewa herufi. Na kabla hujataja bei angalia vilivyokwisha kuuzwa viliuzwa kwa ngapi, bei anayoomba mtu ni ndoto zake tu.

Kusafisha: maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, basi. Usiweke asetoni, polistairini inayeyuka ukiangalia, na spiriti inabeba rangi. Mkuki au bunduki ya polithini iliyopinda inanyooka, zamisha kwenye maji ya moto (sio yanayochemka kwa fujo) nusu dakika hivi, inyooshe kwa vidole, ishike hapo hapo huku ukiizamisha kwenye maji baridi. Ila kama mdoli ameanza kuwa mkavu, ana weupe weupe kwenye maungio, usijaribu kumpinda kabisa, polithini ya zamani inafika mahali inakatika kama biskuti na hamna gundi ya kawaida inayoishika. Huyo muweke alivyo.

Kutunza ndo kulinitoa machozi. Nilikuwa na kopo la bati, nikaweka dinosaria wa PVC na farasi wa polistairini pamoja, nikawafunga na raba bendi wasicheze, nikasahau mwaka mzima. Kufungua, farasi wawili wameyeyuka ubavuni wakagandana na mkia wa dinosaria, na pale raba ilipopita pamebaki mfereji wa kahawia. Ile mafuta mafuta inayofanya PVC iwe laini inatoka polepole, ikigusa polistairini inaila. Kwa hiyo tenganisha kwa aina ya plastiki, sio kwa mada, hata kama inauma kuwatoa dinosaria kwenye kundi. Tumia vifuko vya polithini vya zipu, usitumie vile vya PVC vyenye harufu ya pazia la bafuni, raba bendi marufuku, jua marufuku, na sehemu ya joto kama juu ya dari sahau. Mdoli wa PVC akianza kunata, mfute, mpe hewa, muweke peke yake.

Maboksi yenyewe ya siriali ukibahatika kuyapata, yalaze bapa na karatasi isiyo na asidi katikati, hakikisha hamna punje hata moja iliyobaki ndani maana wadudu wataikuta kabla yako.

Kama una watoto wadogo nyumbani hii midoli sio yao, nyekundu na njano za zamani hasa zinaweza kuwa na kadmiamu au risasi na mtoto kazi yake ni kutia mdomoni. Wanunulie vipya, na wewe ukishika vya zamani nawa mikono.

Mwisho weka daftari. Kila kinachoingia andika umekitoa wapi, lini, bei, urefu kwa milimita, kimeelea au kimezama, na chini kimeandikwa nini. Langu lina ukurasa mmoja wa vinavyokosekana, Crater Critters wangu wako saba, wa nane nimemuona mara mbili kwenye picha za mizigo ya watu na mara zote nimechelewa, mara ya pili kwa dakika nne.