Jinsi ya kuchora kanisa la kisasa wakati waumini wanazidi kuongezeka

Kabla hamjamfuata msanifu na picha ya kanisa zuri mliloliona kwenye simu, kaeni kwanza na daftari muandike kanisa lenu linafanya nini wiki nzima. Ibada ngapi, kwaya ngapi na zinafanya mazoezi saa ngapi, watoto wangapi, semina, harusi, misiba. Hayo ndo yanachora jengo jamani, mnara utakuja baadae.

Alafu hesabu. Ukumbi ukishafika kama asilimia 80 ya viti watu wanauona umejaa, mgeni anachungulia mlangoni, anaona nafasi iko mbele tu, anageuka. Kwahiyo kama mko 400 leo, ukumbi wa viti 400 ni mdogo tangu siku ya kuufungua. Kwa haraka haraka pigeni mita 1 ya mraba kwa kila mtu pamoja na njia za kupita, mimbari na kwaya mhesabu pembeni.

Hela ya kujenga yote hamna, najua, karibu kila kanisa liko hivyo. Ila ramani chora yote leo, kisha mjenge kwa awamu. Hapa nasisitiza sana maana sisi tuliumia, tulijenga ukumbi, miaka ikapita tukataka roshani ya ndani, injinia akaja akachimba pembeni ya nguzo akaangalia msingi akasema huu haubebi, yaani ulipigiwa hesabu ya paa tu. Ikabidi nguzo mpya zisimame katikati ya ukumbi na mpaka leo kuna mama zetu wanasali wakiangalia zege. Roshani ya baadae inaanzia kwenye msingi wa leo, na ukuta mtakaokuja kuubomoa ili kupanua usiwe ule unaobeba paa.

Nguzo za katikati epukeni, kenchi za chuma zinavuka hata mita 20 bila shida zikipigiwa hesabu na injinia. Na ukumbi msiuchore mrefu mwembamba kama behewa, utanueni, viti vizunguke mimbari kama feni, wa mwisho asizidi mita 20 hadi 25 maana zaidi ya hapo anasikia mahubiri ila sura ya mchungaji haioni. Jaribuni kabla ya kuchora: nendeni uwanjani na kamba na viti, pangeni mistari, kila mstari sentimita 90 kutoka wa mbele yake, mtu asimame pa mimbari aongee bila spika, nyie mkae nyuma kabisa. Mtajifunza mengi asubuhi moja.

Sauti ndo inaua makanisa mengi mapya. Kuta mbili ngumu tambarare zinazotazamana, sakafu ya marumaru, siling ngumu, ukipiga kofi moja unasikia ta-ta-ta-ta. Mahubiri yanataka mwangwi ufe ndani ya kama sekunde 1, kwaya inapenda zaidi kidogo, kwahiyo ukuta wa nyuma vaeni kitu kinachonyonya sauti na kuta za pembeni zipindeni kidogo zisitazamane moja kwa moja. Chini ya bati wekeni kinga nene, la sivyo mvua ikinyesha ibada imeisha.

Joto nalo. Mtu aliyekaa tu anatoa kama wati 100, watu 400 ni kilowati 40, sawa na pasi 40 za wati 1000 zimewashwa ndani. Madirisha ya chini yatazamane hewa ipite, na juu karibu na paa muache matundu joto litokee. Ila dirisha kubwa nyuma ya mimbari hapana, waumini watakunja macho ibada nzima. Msanifu wa Kijapani Tadao Ando alikata msalaba kwenye ukuta wa zege wa mbele, Kanisa la Nuru kule Ibaraki, Japani, mwaka 1989, na inapendeza sana, lakini lile ni kanisa dogo na uwazi wenyewe ni mwembamba.

Milango ifunguke kwenda nje, iwe pande tofauti. Pa kupandia viti vya magurudumu, kila sentimita 1 ya kupanda iwe na 12 za urefu. Vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume.

Na kabla sakafu haijamwagwa, amueni meza ya mixa inakaa wapi. Iwe katikati ya waumini, sio chumba cha kioo huko nyuma, fundi sauti asikie wanachosikia wao. Lazeni mabomba mawili ya nyaya kutoka hapo mpaka mimbarini, moja mlitumie sasa, la pili mliache tupu na kamba ya kuvutia ndani.